Mkono wa Kushoto, Breki ya Mbele

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Shikamoo ya Mama nimeiweka humu humu, tafadhali mpe ukiwa umekaa karibu naye, si kwa kupiga kelele kutoka uani kama kawaida yako. Goti lake linaendeleaje? Yule dada wa kanisani aliyeniletea ndizi alisema sasa anakwenda sokoni bila fimbo. Nilifurahi, lakini namjua Mama, huenda aliificha fimbo nyuma ya mlango mgeni alipofika. Niandikie ukweli. Na wewe mwenyewe, kikohozi? Huku kwetu hatujambo. Kioko mume wangu ni mzima, bado anachonga kule Gikomba, na siku hizi wanatengeneza twiga kuliko kitu kingine chochote. Nyumba nzima ina vumbi la mti. Mimi cherehani yangu inanipa sare za shule za watoto wa hapa mtaani, na namshukuru Mungu.

Baba, barua yako niliisoma mara mbili. Umesema kama mkono wa kaka Mwakio hautafaa kitu huku Nairobi, arudi Voi, na kwamba umeshaanza kumtengenezea banda la kuku. Nilimsomea. Akasema tu, "Mwambie Baba ahsante." Nami sikujua hiyo ahsante ina maana ya kuja au ya kutokuja, ndiyo maana nilichelewa kukujibu. Leo najua, kwa hiyo nakuandikia yote tangu mwanzo.

Ulipomwacha pale hospitalini mkono ulikuwa bado umefungwa bandeji, hukuona chini yake. Ile mashine ya kukata mabati ilichukua kidole cha pete na kile kidogo, vya mkono wa kulia. Kile cha kati kimebaki lakini hakikunjiki sawasawa. Daktari alisema kidonda kimepona vizuri sana. Ni kweli kilipona, ila kilimwacha mwenyewe nyuma. Alirudi kwangu akawa mtu wa kutia mkono mfukoni, hata ndani ya nyumba, hata kwenye joto. Alikula kwa mkono wa kushoto akiangalia ukuta. Kiwandani walimpa kazi ya kufungua na kufunga geti, akaikubali bila neno. Mwakio wetu, aliyekuwa akibishana hata na redio!

Baiskeli yake ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya cherehani yangu. Unaikumbuka, ile nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, uliyoicheka ukisema gia ni za watu wavivu. Zamani kila Jumapili alfajiri alikuwa akitoka nayo na wenzake wa chama cha baiskeli, wanashindana kupanda barabara ya Kangundo, wanarudi saa ya kanisa wamejaa chumvi mashavuni. Baada ya ajali hakuigusa. Wenzake walikuja mara kadhaa. "Sasa, Mwakio! Uko poa?" Anajibu yuko poa, na mkono uko mfukoni. Mwishowe wakaacha kuja.

Kisha akatokea Gathogo. Ni kijana wa Murang'a, karani wa ofisi moja mjini, anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu na mkewe. Naye ni mwendeshaji, lakini baiskeli yake ilikuwa nzito, kila siku anaachwa nyuma. Alikuja jioni moja akasimama mlangoni akiangalia ukuta.

"Mwakio, nisamehe kama nakukosea. Hiyo unaiuza?"

Mimi nilikuwa napiga pasi. Nilishikilia pasi hewani, maana nilijua atasema hapana, tena kwa ukali.

"Chukua," Mwakio akasema.

Wakaelewana bei palepale. Gathogo akaomba jambo moja tu. Gia zilikuwa zimekwisha, cheni ikiruka, breki hazishiki, na yeye hana ujuzi wa kuchagua spea. Akasema, "Nitengenezee wewe, kwa zile za bei nafuu. Sina haja ya vitu vya kifahari." Wakapeana mikono. Mwakio alitoa wa kushoto. Wiki hiyohiyo Gathogo akauza ile baiskeli yake nzito kwa mtu wa Tassia.

Jumamosi iliyofuata Mwakio akaniomba nimsindikize, kwa sababu ilibidi gurudumu la nyuma libebwe lipimwe dukani. Basi Baba, mwanao nilikwenda mpaka Kirinyaga Road na gurudumu begani kama mtu anayepeleka msalaba. Watu walinicheka sana. Lakini Mwakio naye alicheka kidogo, nikaona hata nikilizungusha kichwani sijali.

Dukani palikuwa na kijana mwenye maneno mengi. Akaweka mezani sanduku lenye vyuma vinavyong'aa: breki, mikono yake, gia za mbele na za nyuma, vyote vya jina moja. "Hii ni seti kamili, kaka. Ukichanganya vitu utapata taabu."

Mwakio hakuigusa. "Hii siiwezi. Nionyeshe breki peke yake."

"Unaanza na breki? Watu wote wanaanza na gia!"

"Gia mbovu itakuchelewesha. Breki mbovu itakuua."

Baba, nilisikia sauti yako kabisa. Ndivyo ulivyokuwa ukituambia juu ya mabehewa ya treni. Akachagua breki za kawaida, wala hazikuwa nzuri kutazama, lakini akamlazimisha kijana atafute raba laini za kushikia rimu, kwa sababu rimu zake ni za chuma na chuma kikilowa huteleza. Halafu akaomba mikono ya breki, ile ya kukamata kwa vidole. Kijana akaleta aina tatu. Hapo ndipo Mwakio akautoa mkono wa kulia mfukoni.

Sidhani kama alijua ameutoa. Aliichukua mikono ile mmoja mmoja, akaivuta kwa vile vidole viwili na kile kisichokunjika. Wa kwanza ulikuwa mbali, hakuufikia. Wa pili ulikuwa mgumu. Wa tatu akauvuta, akauachia, akauvuta tena, macho ameyafumba. "Huu," akasema. Kijana wa duka aliangalia mkono, akaniangalia mimi, na maneno yake mengi yakamwishia. Nilifikiri nimwambie Mwakio kwamba Gathogo ana vidole vyake vyote. Badala yake nikaliweka gurudumu begani tena.

Kutoka hapo tulitembea mpaka Majengo kwa fundi Ramadhani, mzee wa Kiislamu anayeuza spea zilizokwishatumika, amezitundika ukutani kama samaki. Kwake ndiko tulikopata friwili ya gia sita, ile inayokaa kwenye gurudumu la nyuma. Cheni Mwakio alitaka mpya. Alinieleza kwamba cheni kuukuu hutafuna meno mazuri, mtu akibana hapo anajidanganya. Mkono wa gia, ule unaosogeza cheni kutoka gia moja hadi nyingine, alitaka wa chuma cha kawaida, mradi uwe mrefu wa kutosha kufikia ile gia kubwa ya kupandia mlima. Mzee Ramadhani alikuwa nao mmoja, umekwaruzwa lakini haujapinda.

"Na gia za mbele?" mzee akauliza.

"Za mbele sitaki. Nitaacha sahani moja."

"Sahani moja mbele? Mnunuzi wako akiuliza?"

"Ni kitu kimoja pungufu cha kununua, na kimoja pungufu cha kuharibika. Na nipe kijiti kimoja cha kubadilisha gia. Nitakifunga upande wa kushoto."

Mzee alikuna ndevu. "Cha nyuma hukaa kulia, mwanangu. Waya utapita vibaya."

"Utapita," Mwakio akasema.

Wakabishana juu ya waya huo mpaka adhana ikasomwa, na mzee akaenda kuswali bila kushawishika. Baba, umesikia kwamba walibishana? Tangu ajali sikuwa nimemwona akibishana na mtu. Nilikaa juu ya debe, gurudumu mapajani, nikasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

Kwa muda wa wiki mbili akitoka kazini alikuwa akikaa kwenye kizingiti na ile baiskeli imepinduliwa miguu juu. Mkono wa kushoto ulifanya kazi, wa kulia ukashikilia. Nati zilimponyoka, akatukana, akaziokota. Siku moja alikwama. Mkono wa breki wa kulia, hata ule mzuri aliouchagua, ulikuwa bado mbali kidogo na vidole vyake. Kioko alikuwa akipita na chai yake.

"Shemeji," Mwakio akamwambia, "huna kipande cha mti mgumu? Kidogo tu, kama kabari. Nikikisukuma hapa ndani, mkono utakaa karibu na usukani."

Kioko, unavyomjua, si mtu wa maswali. Akainama akapima kwa ukucha wa kidole gumba, akaenda. Kesho yake alirudi na kabari ya mpingo ndogo kama jino la mtoto, ameipiga msasa mpaka inang'aa. Iliingia kama iliyozaliwa pale. Asubuhi yake tukinywa chai, Mwakio ameshatoka, Kioko akaniuliza polepole, "Mama, hebu nikuulize. Huyu Gathogo ana vidole vingapi?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikalia, na Kioko akanipapasa mgongo bila kuuliza nacheka au nalia.

Lakini Baba, neno lilikuwa limeshatolewa. Nawe ulitulea tukijua neno likishatoka ni kama treni ikishatoka stesheni. Gathogo alikuwa ameuza yake, anakwenda kazini kwa miguu, kila jioni akipita anauliza kwa adabu, "Bado?" Nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma ndugu yangu pia, maana kadiri baiskeli ilivyokaribia kwisha ndivyo alivyozidi kukawia. Alifunga waya, akaufungua, akaufunga tena.

Jumamosi Gathogo akaja na mkewe, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa. Baiskeli ilikuwa imesimama uani, imesafishwa. Mwakio akamwambia tu, "Ijaribu."

Gathogo akapanda, akazunguka nyumba zetu mara moja. Tukamwona anakuja kwa kasi, akavuta breki ya kulia asimame, ikamburuta mbele mpaka karibu aingie kwenye kamba ya nguo za Mama Njoki, jirani yetu. Mama Njoki akapiga kelele. Gathogo akashuka, akavuta breki moja, akavuta nyingine, akitazama magurudumu.

"Mwakio, breki umezigeuza. Ya mbele iko mkono wa kushoto."

"Ndiyo."

"Lakini yenye nguvu ni ya mbele. Watu wote huiweka kulia." Akagusa kijiti cha gia. "Na hii nayo iko kushoto. Na hapa kuna kipande cha mti." Alikuwa ameinama, kisha akainuka polepole, akautazama mkono wa kaka yangu, ambao safari hii haukuwa mfukoni bali ulikuwa na grisi mpaka kiganjani. "Hii baiskeli ulikuwa ukimtengenezea nani?"

Hata Mama Njoki aliacha kuanua nguo.

"Sijui," Mwakio akasema. Halafu akasema, "Nilianza nikikutengenezea wewe. Naapa. Nilipofika dukani, sijui." Akapangusa grisi kwenye suruali. "Nipe siku moja nirudishe kila kitu kinavyotakiwa. Ni yako. Nilikupa neno."

Gathogo alikasirika, Baba, na sitakuficha. Akasema, "Mimi nimeuza yangu kwa ajili yako. Ninatembea kwa miguu kwa ajili yako. Na wewe muda wote ulikuwa ukijua hutaki kuuza!" Mwakio alichukua spana akapiga magoti, akaanza kufungua waya wa breki ya mbele. Kwa vile vidole viwili spana ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena.

Mke wa Gathogo ndiye aliyesema. Ni msichana mdogo, sikuwa nimewahi kusikia sauti yake. Alimwambia mumewe kwa Kikuyu maneno machache, sikuyaelewa. Gathogo akasimama pale akiwa ameshika kiuno. Hatimaye akachuchumaa, akaichukua ile spana kutoka mkononi mwa Mwakio, akaiweka chini.

"Acha," akasema. "Usifungue."

"Nilikupa neno."

"Ndiyo, na mimi nakurudishia. Lakini mimi natembea kwa miguu bado! Utanifanyia nini?"

Mwakio akainua uso. "Nitakutafutia fremu nyingine. Nitakuchagulia kila kitu mwenyewe, breki, friwili, cheni, kwa mikono yako wewe. Na haitakuwa nzito."

"Kwa bei nafuu?"

"Kwa bei nafuu."

Basi ndugu yangu, aliyekuwa hatoki ila kwenda getini, kwa mwezi mzima alizunguka Nairobi na Gathogo. Gikomba, Majengo, Kariobangi, kokote waliposikia kuna fremu. Alimkamatisha Gathogo kila mkono wa breki mpaka yule kijana wa duka akawafahamu kwa majina. Walipata fremu iliyokuwa imelala nyuma ya banda la mtu, ikapakwa rangi ya kijani. Ile ina gia za mbele mbili, maana Gathogo anazitaka, na mikono yake inaweza. Mzee Ramadhani alipoziona baiskeli zote mbili zimekwisha, alizunguka ile ya Mwakio, akakibonyeza kijiti cha kushoto, akasikiliza cheni ikipanda na kushuka. Akasema, "Waya bado umepita vibaya." Lakini alimpa Mwakio kipande cha tangawizi cha kuchemshia chai nyumbani, na hakutoza kitu.

Leo asubuhi, Baba, wametoka pamoja. Giza lilikuwa halijaisha vizuri. Nilimsikia akijaza upepo matairini, nikakaa kitandani nikashika mkono wa Kioko. Nilitaka kutoka nje nimwambie ajihadhari na malori ya kokoto. Kioko akasema, "Mwache aende kama anavyokwenda mtu." Nikamwacha. Nilisikia tu magurudumu yanapita kwenye changarawe, na sauti za wenzake mbele, "Ni Mwakio! Wasee, ni Mwakio amekuja!" Halafu kimya.

Sikwenda kanisani, nisamehe. Nilichambua maharage yaliyokuwa tayari yamechambuliwa. Jua likapanda, wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja, nikawaona wanapita barabarani, na Gathogo na ile ya kijani katikati yao, akanipungia mkono. Mwakio hayumo. Nilisimama langoni. Mama Njoki akaja akasimama nami, akanipa kiti ambacho sikukikalia.

Alitokea peke yake kule mwisho wa barabara, polepole, kichwa kimeinama. Goti moja lilikuwa na damu. Alipofika langoni alivuta breki, ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, akasimama taratibu kabisa mbele ya miguu yangu.

"Umeanguka!" nikasema.

"Kidogo tu, nikiwa nasimama kunywa maji. Huko mlimani sikuanguka."

Mama Njoki akauliza, "Na kwenye mbio, umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, mama!" akasema, akacheka kwa sauti kubwa hivi kwamba watoto wa jirani walitoka nje kutazama. "Wa mwisho kabisa! Wenzangu walikuwa wamekwisha kunywa chai!" Baba, hata siku alizowahi kushinda hakutangaza namna ile.

Sasa yuko nje uani anaosha goti, na Kioko anamwambia chumvi inauma lakini inaponya, na wanabishana. Ndiyo maana nimekaa kuandika haraka, kabla sauti hiyo haijaniishia masikioni. Lile banda la kuku, Baba, malizia kulijenga, lakini weka kuku. Mwakio hatarudi sasa. Atakuja Krismasi kuwasalimu kama mtoto anavyokuja kwao, si kama mzigo unaorudishwa. Najua ulilijenga kwa upendo, nami nimemwambia, naye anajua.

Nisalimie Mama sana sana, na goti lake. Nisalimie Bibi, umwambie sare ya kwaya yake nimeishona, nitaituma kwa mtu wa kwanza atakayeshuka Voi. Shangazi anayeuza maziwa, mwambie nauliza kama ng'ombe amezaa. Mjomba wa stesheni asisahau kuniwekea asali. Na yule mzee kinyozi jirani yenu, aliyemwombea Mwakio siku ile mlipopata simu ya ajali, mpe mikono yako yote miwili kwa ajili yangu.

Bakini na amani, mlale salama, na Mungu awe karibu nanyi kuliko mimi nilivyo.

Mimi binti yenu anayewapenda,
Wakesho

Baba, shikamoo. Dada ameniachia nafasi hii hapa chini. Yote aliyoandika ni kweli isipokuwa kwamba nilitukana. Herufi zimelala kidogo, usome polepole. Huu ni ule mkono wa kulia.

Mwanao,
Mwakio